Kibodi ina batani ya ogani, sasa kwa nini Bach napiga kwa piano?

Hili swali naulizwa sana na wanakwaya, na wa mwisho kuuliza ni mama mmoja wa sauti ya kwanza ambaye hanaga muda wa kuzungusha maneno. "Mwalimu, huo muziki si umesema ni wa ogani? Na hiyo kibodi si ina batani ya ogani hapo? Sasa mbona unaweka piano?" Nikamwambia mama, jibu lake refu. Akasema basi liandike nitasoma, mi nawahi gari la Mbagala. Haya mama, naandika.

Kwanza tuelewane ogani yenyewe ni mnyama gani, maana wengi wetu hapa Dar tumelelewa na kibodi ya plastiki iliyochomekwa kwenye spika na tukiambiwa ogani tunawaza batani. Ogani ya ukweli ni mabomba na upepo. Kila bomba linatoa nota moja tu basi, ndo maana ogani kubwa inakuwa na mabomba maelfu, na ukibonyeza kitufe unachofanya ni kufungua njia upepo uingie kwenye bomba lake. Ubonyeze kwa hasira, ubonyeze kwa upole, upepo ni uleule na sauti ni ileile, na itaendelea kulia hivyohivyo bila kupungua mpaka utoe kidole. Sasa kama kila nota inalia sawa na mwenzake, ile tuni unayotaka watu waisikie utaitoaje katikati ya hayo yote? Wajenzi wa ogani walilitatua kwa kuweka safu mbili au tatu za vitufe, moja juu ya nyingine, kila safu na mabomba yake, kwa hiyo mkono wa kulia unapiga tuni kwenye safu yenye sauti kali, wa kushoto unasindikiza kwenye safu laini, na besi inapigwa na miguu, ndiyo, miguu, kuna vitufe virefu vya mbao chini pale na mpigaji anavikanyaga kwa kisigino na vidole. Kina Buxtehude na Bach, watunzi wa muziki wa ogani wa zamani kule Ujerumani, waliandika wakijua hayo yote yapo.

Sasa rudi kwenye kibodi yetu. Safu ni moja. Miguu haina kazi zaidi ya kukanyaga kile kipedali kimoja kinachotelezateleza sakafuni. Na hata kama kibodi yako inasikia uzito wa kidole, ukiweka tu batani ya ogani mara nyingi ule uzito unapuuzwa, kila nota inatoka na nguvu ileile. Piga sauti nne za Bach pale uone, ni kama abiria wote wa daladala wanaongea na simu kwa mpigo, unajua kuna habari ya maana humo ndani ila huwezi kujua nani anaisema.

Piano ina nyundo. Ukiigonga kwa nguvu inalia kwa nguvu, ukiigusa inanong'ona, na hilo linafanyika kidole kwa kidole, yaani kwenye mkono uleule mmoja kidole cha mwisho kinaweza kuimba soprano kwa sauti ya wazi huku dole gumba linashika alto chini chini. Ogani kwenye safu moja haiwezi hilo hata ukiibembeleza. Hilo ndo jibu langu fupi. Ila piano nayo ina ugonjwa wake, nota ikishagongwa tu inaanza kufa, na muziki wa ogani umejaa nota ndefu ambazo zinatakiwa zisimame kama zilivyo, kwa hiyo kila mtu aliyewahi kuuhamishia muziki huu kwenye piano alikuwa anabadilishana, anapoteza urefu wa sauti anapata uwazi wa sauti, na ukali wa kazi yake unauona pale anapoamua apoteze wapi.

Nitoe mfano wa karibu. Kuna ile korali (wimbo wa kanisa wa Kilutheri) ya mateso, kichwa kilichojaa damu na majeraha, tunayoiimba Ijumaa Kuu. Tuni yake aliitunga Hans Leo Hassler ikachapishwa mwaka 1601, na msishtuke, ulikuwa wimbo wa mapenzi, kijana anahangaika kwa sababu ya binti, Walutheri wakaichukua wakaivika maneno ya msalaba. Bach anayo kwenye ogani kipande kifupi sana, BWV 727 (hizo BWV ni namba za orodha ya kazi zake, ukizijua huhangaiki na majina ya Kijerumani). Hiki hata hakihitaji fundi wa kukihamisha, mikono miwili inakitosha karibu chote, soprano inaimba korali ikiwa imepambwa kidogo tu na sauti tatu za chini zinatembea polepole. Nilikipiga kwa sauti ya piano kabla ya ibada kuanza, watu bado wanatafuta viti. Baada ya ibada mzee mmoja wa besi, yupo kwaya tangu mimi sijazaliwa, akanifuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ile sauti ya tena uliyopiga kule katikati, sisi hatuimbi hivyo."

Nikafurahi mpaka nikakosa cha kumjibu! Ni kweli hatuimbi hivyo, Bach kaipitisha sauti ya tena njia nyingine tofauti na iliyoko kwenye kitabu. Lakini mzee kaisikia, sauti ya ndani kabisa, ya tatu, kwenye kipande ambacho hajawahi kukisikia, huku watu wanasalimiana. Kwa batani ya ogani asingeipata ng'o.

Kuna wanaoona hii ni dhambi, eti muziki wa ogani uachwe kwenye ogani. Hao nawaambia wakamuulize Bach mwenyewe. Ogani za zama zake hazikuwa na mota, ilibidi kuwe na watu wa kukanyaga mivukuto ili upepo upatikane, kwa hiyo kufanya mazoezi kulitaka umtafute na mtu wa kukanyaga, na makanisa ya kule wakati wa baridi yalikuwa hayakaliki (sisi huku tatizo letu ni kinyume chake, jasho linadondokea kwenye vitufe). Wapiga ogani wengi walikuwa na vinanda vya nyuzi nyumbani, vidogo, vimefungiwa pedali za miguu, wanajifua humo. Bach alikuwa navyo, mwanae wa mwisho Johann Christian alipewa na baba yake vinanda vitatu vyenye pedali. Kwa hiyo muziki huu kupigwa sebuleni kwenye nyuzi si uvumbuzi wa juzi.

Na kuhamisha ndo alikuwa anahamisha kuliko wote. Alipokuwa mji wa Weimar alichukua konseto ya Vivaldi ya fidla mbili akaifanya ya ogani moja, BWV 593. Mwaka 1731 akaandika kantata (muziki wa ibada wa kwaya na vyombo) namba 140 juu ya korali ya Philipp Nicolai ya wanawali na bwana arusi, iliyochapishwa mwaka 1599, na humo ndani kuna sehemu ambapo sauti ya tena wanaimba korali kwa utulivu huku fidla zinacheza tuni nyingine kabisa juu yake. Miaka ya mwishomwisho ya maisha yake, kama 1748 hivi, akaitoa sehemu ileile kwa ogani, ndo BWV 645, mkono mmoja fidla, mkono mwingine sauti ya tena, miguu besi. Halafu Busoni, nitamweleza mbele, akaja kuiweka kwenye piano. Kwa hiyo ukiipiga kwa piano unapiga nakala ya nakala na ya kwanza kaifanya mwenyewe, sasa nani wa kulalamika hapo?

Tukija kwa wahamishaji wenyewe, wapo wengi ila mimi nagawa kambi mbili, ya Liszt na ya Busoni.

Liszt, mpiga piano na mtunzi, watu wanamjua kwa mbwembwe, mtu wa kuongeza nota elfu pale palipotosha kumi. Ila kwa Bach kajinyamazia. Alichukua preludi (kipande cha kutangulia) na fyuga (wazo moja linaloingia sauti baada ya sauti) sita kubwa za ogani, BWV 543 mpaka 548, zikachapishwa mwaka 1852, na ukizifungua unakuta nota za Bach karibu zilivyo, besi ya miguu kaiingiza mkono wa kushoto, na alama za piga kwa nguvu au piga polepole ni chache mno, kakuachia mwenyewe uamue. Naziheshimu sana. Nazipenda? Mmh, siku nyingine ndiyo. Ni kavu kidogo, na mkono wa kushoto unatakiwa ushike besi na sauti ya tena kwa umbali ambao mkono wangu unalalamika.

Busoni ni habari nyingine. Mtaliano, kazaliwa 1866, kafa 1924, na alihamisha kazi za Bach nyingi kiasi kwamba jina lake likawa linaandikwa na la Bach pamoja na kistari katikati, mpaka kuna kisa kinachosimuliwa kwamba mkewe aliwahi kutambulishwa kwa watu kama Bi. Bach-Busoni. Ukifungua nota zake unaona oktava kila mahali, besi imewekwa mara mbili, na wengi wanasema anajionyesha. Mi siamini. Sikiliza. Kwenye ogani mabomba yanapimwa kwa futi. Bomba la futi 8 linatoa nota kama ilivyoandikwa. La futi 16, karibu mita 5 hilo, linatoa oktava moja chini yake, la futi 4 oktava moja juu. Mpigaji anaweza kuyafungua yote, kwa hiyo anakanyaga kitufe kimoja tu na zinatoka oktava tatu kwa pamoja, na karatasini utaona nota moja. Busoni kaandika kile ambacho sikio linasikia kanisani, Liszt kaandika kile ambacho jicho linaona kwenye karatasi, wote wawili waaminifu ila kila mtu na lake.

Na hapo ndo wenye kibodi za vitufe 61 tunapoumia. Kitufe chetu cha chini kabisa ni C, ni ileile C ya chini ya bomba la futi 8. Chini yake hamna kitu, ni plastiki. Besi ya futi 16 ya Busoni huna pa kuipiga. Wengine wanaipandisha oktava moja juu, naomba msifanye hivyo, besi ikipanda inagongana na sauti ya tena na mambo yote yanavurugika, bora upige besi moja nyembamba pale ilipoandikwa na Bach na oktava ya chini uiache tu. Piano ya digito yenye vitufe 88 vizito inamaliza tatizo, ila nenda Kariakoo uulize bei yake halafu urudi tuongee. Piano ya mbao nayo kwa hili joto letu la pwani na chumvi ya baharini ni kesi nyingine, nyuzi zinashika kutu, mbao inavimba vitufe vinagoma kurudi, na fundi wa kuityuni ukimpata mshike. Faida yake moja kubwa, umeme ukikatika unaendelea kupiga.

Sasa uanze na nini. Kila mtu akija kwangu anataka ile Tokata na fyuga ya D maina, BWV 565, ile ya sinema za kutisha. Mpiga piano Tausig kaihamisha, Busoni kaihamisha, na zote mbili ni nota za moto kwelikweli. Mimi naona ndo kipande kinachohamishika vibaya kuliko vyote vikubwa. Pale mwanzo ogani inapiga kile kishindo halafu inanyamaza, na kwenye kanisa kubwa la mawe ule ukimya haupo tupu, sauti bado inazunguka juu darini, ndo utamu wenyewe. Sebuleni Tabata, feni inazunguka, jirani anakaanga samaki, ukinyamaza ni umenyamaza. Na ujue kuna wataalamu wana mashaka kama ni ya Bach kweli, nakala yenye mkono wake haipo, ya zamani tuliyonayo iliandikwa na Johannes Ringk. Ukitaka ya kuonyesha misuli kuna BWV 564 ya C meja, pale mwanzoni miguu inapiga peke yake muda mrefu bila mikono na Busoni kaihamishia kwenye piano, ndo mpiga piano Horowitz alifungulia nayo konseti yake kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, New York, mwaka 1965 baada ya kukaa miaka 12 bila kupanda jukwaani, na mwanzoni kabisa kakosea nota wazi wazi, rekodi ipo, na bado inasisimua.

Mimi nakwambia anza na vidogo. Mwaka 1898, miaka ileile Wajerumani wanajenga kanisa la Azania Front pale mbele ya bandari, Busoni alichapisha preludi 10 za korali za Bach kwa ajili ya piano. Humo kuna BWV 639, F maina, sala ya mtu anayemwita Bwana Yesu Kristo amsikie. Asili yake ni kile kitabu kidogo cha ogani alichoandika Bach, na ndo pekee humo chenye sauti tatu tu, vingine vyote ni nne na zaidi. Juu kuna korali, katikati kuna sauti moja inayotiririka bila kupumzika, chini kuna besi inayopiga hatua sawasawa. Basi. Ugumu wa vidole hauko mkubwa. Ugumu uko kwenye ile sauti ya katikati, ina nota nyingi kuliko wenzake wote wawili ukiwajumlisha, kwa hiyo kila ukijisahau inapanda juu inafunika, na inatakiwa iwe ya chini kuliko wote kwa sauti. Mi hufanya hivi, naipiga hiyo ya katikati peke yake mpaka iwe laini kiasi kwamba mtu wa chumba cha pili haisikii, halafu naimba korali kwa mdomo juu yake, halafu besi, na korali kwa vidole inakuja mwisho kabisa. Pedali unabadilisha kila besi inapobadilika, na kwa kile kipedali cha kibodi ambacho kinajua kuwaka na kuzima tu ni bora ubadilishe mara nyingi kupita kiasi kuliko pungufu, la sivyo F na E zinabaki zinalia pamoja.

Bando likiruhusu msikilize mpiga piano Dinu Lipatti akipiga hicho hicho, karekodi mwaka 1950, mwaka aliofariki, ana miaka 33. Hakuna anachofanya, yaani unasikiliza unajiuliza huyu kafanya nini hapa, na sauti ya katikati ipo, unaisikia yote, na haikusumbui hata kidogo. Wa siku hizi yupo Víkingur Ólafsson wa Iceland, albamu yake ya Bach ya 2018 ina kadhaa za namna hii, na humo kuna moja kahamisha August Stradal kutoka sonata ya nne ya ogani, taratibu, nzuri mno. Nota za Liszt na Busoni zote zipo IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni, bure na kihalali, wamekufa zamani. Utaratibu wa kuziprinti steshenari mnaujua, ila mwambie kijana asipunguze ukubwa, nota za Busoni zimebanana na zikipungua utahitaji miwani.

Na kwa wale walimu wa kwaya wanaosoma hapa, fyuga msiiogope, wanakwaya wetu wanasoma solfa vizuri kuliko wapiga piano wengi. Chukua ile fyuga ndogo ya G maina, BWV 578. Wazo lake linaanza la, mi, do, ti, la do ti la se ti mi. Waandikie ubaoni waimbe, wataishika upesi tu. Halafu uwaambie inaingia soprano, kisha alto, kisha sauti ya tena, kisha besi, kwa mpangilio huohuo wanaokaa wao siku ya mazoezi, na kila anayeingia anakuta mwenzake tayari ana jambo lingine la kusema. Wakishaimba hivyo ndo upige kwenye piano na kila wazo linapoingia uliongezee uzito kidogo, mara moja tu mwanzoni, kisha uliachie lizame, usilitangaze mpaka mwisho kama wengine wanavyofanya. Besi ikiingia hapo ndipo Bach alipokuwa anaanza kutumia miguu, na hapo ndipo mkono wako wa kushoto unaelemewa, kwa hiyo sauti ya tena ihamishie mkono wa kulia mapema, milio mitatu minne kabla, maana ukisubiri besi ifike ndo uhame kila mtu atasikia unahama.